Tupeane uzoefu: uliacha shule ukiwa na miaka mingapi, na nani aliyeamua?

Wakuu, habari za leo. Juzi nilikaa kijiweni na wazee wawili wakibishana kuhusu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ile ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma Februari 2025. Mmoja anasema kumbana mtoto miaka 10 darasani ni kumchelewesha na maisha. Mwenzake anasema tumechelewa sisi. Hiyo 10 ya lazima ni 6 ya msingi na 4 ya sekondari, na darasa la saba ndiyo linaagwa. Anayeanza na miaka 6 anatoka na 16. Sheria ya Elimu ya 1978 ilikuwa inambana mtoto kati ya miaka 7 na 13, na ukishamaliza la saba hakuna aliyekudai kitu.

Hoja za wanasiasa tutazisikia tu, hata tusipotaka. Mimi nataka visa. Naanza na changu.

Niliacha na miaka 14. Aliyeamua ni baba, usiku wa kuamkia mtihani wa la saba. Hakunikataza kwenda. Aliniita nyuma ya zizi, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Kesho nenda. Ila usijaze vizuri." Ng'ombe walikuwa 40 na mchungaji nilikuwa mimi. Ada ya sekondari nayo ilikuwa bado ipo, hii ya bila ada ilianza 2016 wakati mimi nilishaota ndevu. Basi nikaingia kwenye chumba cha mtihani. Swali la kwanza la Hisabati jibu nalijua, hata kukokotoa sikuhitaji. Nikaandika herufi inayofuata. La pili hivyohivyo. Katikati kuna swali moja nilijibu sawa, nadhani kwa uchungu tu, halafu nikalifuta.

Matokeo yalipotoka mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Akapewa maziwa, akanywa, akaniangalia, akaondoka bila kusema lililomleta. Alijua. Lakini angemshtaki baba kwa lipi? Mtoto alisoma mpaka la saba, "hakufaulu". Ndiyo maana mimi naiunga mkono hii miaka 10. Kama kila mtoto anavuka kwenda kidato cha kwanza, ule ujanja wa nyuma ya zizi hauna pa kupitia.

Mama Mapacha: Baba yako na wangu walikutana wapi? Mimi niliambiwa niache karatasi nyeupe. Nikaona nitaumbuka, nikaandika maneno ya kwaya.

Mwalimu wa Kata: Mkuu, hayo hatuyasikii kwa watu, tunayaona. Binti anaongoza Hisabati mwaka mzima, siku ya mtihani anapata alama ndogo ambazo hata kwa kubahatisha huzipati. Unamwuliza, anaangalia chini.

Lakini kinachoninyima mimi usingizi ni kingine. Waliokuwa la tatu 2024 ndio walioanza na mtaala mpya, wanamaliza la sita 2027. Waliokuwa la nne mwaka huo wanamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Januari 2028 makundi yote mawili yapo mlangoni kwa kidato cha kwanza, siku moja. Mimi sasa hivi nafundisha mkondo wa watoto 74, wengine wameegemea dirisha. Halafu kuna mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, ambao kwa kweli naupenda, mtoto atoke anajua kitu kwa mikono yake. Tulipojaribu somo la kwanza la useremala kwa vitendo, nyundo tuliazima kwa mlinzi. Moja.

Kwa hiyo wanaosema "lazima" mimi nawauliza: lazima kwa mtoto aje, na ni lazima ya nani awe na pa kukaa?

Fundi Cheche: Mimi niliacha na 15, kidato cha pili, na niliamua mwenyewe. Msiwasingizie wazazi wote. Baba yangu alinipeleka kwa fimbo mpaka mkono wake ukachoka, mimi naingia geti la mbele natokomea dirisha la nyuma. Nilikuwa nalipwa soda na mandazi kwenye karakana ya kuchomelea, na pale nilielewa pembe na vipimo kuliko ubaoni. Sasa leo mnataka mzazi kama yule aitwe kwa mtendaji wa kata kwa utoro wangu? Alikosa nini?

Nisiwe muongo, kuna siku naijutia. Tenda zinakuja na makaratasi, mpaka mtoto wa dada anisomee. Ila naletewa vijana wenye vyeti hawajui kushika grenda.

Mwanzisha mada: Fundi, kama ungekuta hiyo karakana ndani ya shule ungetoroka?

Fundi Cheche: Ningetoroka kipindi cha Kiingereza tu.

Mzee wa UPE: Vijana, mnaongea lazima kana kwamba ni mpya. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lile la UPE, yaani kila mtoto aingie shule ya msingi, kwetu mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Cheti cha kuzaliwa hakikuulizwa. Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili umeshaandikishwa. Nilimaliza 1984. Tulikuwa 43. Aliyechaguliwa sekondari ya serikali ni mmoja, na hakuwa mimi. Sijui niandike nani aliamua. Nafasi ndiyo iliamua.

Dada Asiyechoka: Nimesoma yote, naona kila mtu anaongelea mtoto anayekimbia shule. Mimi shule ndiyo ilinikimbia. 2020, kidato cha tatu, miaka 16, mimba. Nilipimwa, nikaandikiwa barua, siku hiyohiyo begi langu likatolewa nje. Mhusika? Sheria ilishabadilishwa 2016, anayempa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Wazee wa pande mbili walikaa chini ya mwembe, wakala mbuzi, ikaishia hapo. Yeye alibaki na pikipiki yake.

Novemba 2021 waziri alipotangaza kwamba tunaruhusiwa kurudi, nilisikia redioni nikiwa namwogesha mtoto. Januari nikarudi, shule nyingine, darasa moja na mdogo wangu anayenifuata. Walikuwa wananiita "mama" kwa kejeli, mwisho ikawa heshima, nikawa natatua ugomvi wao. Nimemaliza.

Kwa hiyo mimi swali langu liko upande wa pili. Hii miaka 10 ya lazima inamfunga mwanafunzi asiondoke. Je, inaifunga na shule isimtoe?

Mwalimu wa Kata: Dada, nimelisoma mara mbili hilo swali lako. Nitaliuliza kwenye kikao cha kata, nikijibiwa nitarudi hapa.

Fundi Cheche: Mwalimu, hizo nyundo. Ninazo nne na jiliwa mbili zimelala tu. Jumamosi nipo bure, naweza kuja kuwaonyesha watoto.

Mwalimu wa Kata: Njoo hata kesho. Ila nikutahadharishe, mkuu wa shule atakuuliza cheti.