Dubai–Guangzhou: tupeane uzoefu wa masaa ya angani

Salaam wadau. Mwezi ujao nampeleka mdogo wangu Guangzhou kufuata mzigo, safari yake ya kwanza. Jana kaniuliza: "Kaka, tiketi inasema tunatoka Dubai saa 4 usiku, tunafika saa 3 asubuhi. Ni masaa 11 hewani?"

Hapana. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na China iko mbele ya Dubai kwa masaa 4. Yatoe, yanabaki 7. Hayo ndiyo ya kukaa kitini, kwa umbali wa kilomita kama 5,830.

Mimi hakuna aliyenieleza. Nilipanga kuonana na mwenye kiwanda saa 4 asubuhi, siku ileile ya kushuka, wakati kwetu Dar ni saa 11 alfajiri. Nikasaini oda ya mashuka macho yamejaa usingizi. Nilitaka ya futi 5 kwa 6, yakaja ya 4 kwa 6, marobota 12. Tafadhalini, siku ya kufika ni ya kulala. Nyie yaliwakuta yapi?

Mama Vitenge
Mwanangu, mwambie pia kurudi ni kurefu. Kwenda nilitumia masaa 7, kurudi 8 na nusu. Huko juu upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya baridi ndiyo unazidi. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Nilikuwa nimejiachia dakika 70 tu za kubadilisha ndege Dubai. Nimefika mbio, geti limefungwa. Na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti, hakuna aliyewajibika kunipa ndege nyingine. Nikanunua upya kwa hela ya mzigo. Sasa hivi siachi chini ya masaa 4.

Abuu wa Tanga
Mimi nilirudi mchana wa Ramadhani. Daku nimekula Guangzhou kabla ya saa 11 alfajiri, ndege ikaondoka saa 4 asubuhi. Sisi tunaelekea magharibi, jua nalo linaelekea hukohuko, basi mchana hauishi. Nimekuja kufuturu Dubai, na simu ambayo sikuwa nimeibadilisha ilisoma saa 4 na nusu usiku. Zaidi ya masaa 17 bila tone la maji. Msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, ila nilikuwa nimeshanuia, na namshukuru Mungu nilimaliza. Anayetumia dawa za sukari asijaribu. Amuulize daktari kabla ya safari, hata kuhusu muda wa kumeza dawa.

Mwanzisha mada
Mama, hizo dakika 70 zimenishtua. Nimefungua tiketi ya mdogo wangu, ya kurudi imeacha saa 1 na dakika 50, na ni tiketi mbili. Kesho asubuhi nipo kwa wakala, aibadilishe.