Re: Swali kutoka kwa mwenzetu: kipimo cha saratani ya njia ya haja kubwa

Kutoka: Msimamizi

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini mlio ughaibuni, kamwene, ugonile. Mwenzetu aliyeko Marekani ameomba nimpitishie swali bila jina. Nalinakili lilivyo:

"Nina miaka 41, kwetu Mafinga. Natumia dawa za VVU mwaka wa tisa sasa, na virusi havionekani tena kwenye damu. Kliniki wamenipangia kipimo cha saratani ya njia ya haja kubwa, kwa sababu niliwaambia ukweli kwamba nalala na wanaume. Nimeahirisha mara mbili. Kuna aliyepitia? Na je, itajulikana?"

Kutoka: Leeds

Samahani msimamizi, hili ni la humu kweli? Tulikubaliana humu ni mambo ya viza, shule, kutuma pesa nyumbani na misiba. Wapo wazee wanaosoma.

Kutoka: Minneapolis (niko likizo Uyole)

Kaka wa Mafinga, kamwene. Mimi nimepitia, na niliahirisha miaka miwili nzima. Nakuandikia nikiwa kwa dada yangu hapa Uyole, baridi ya Julai imetushika, na dada huyu yumo katika habari yenyewe.

Nianze na kipimo. Siku ya kwanza ni kijiti cha pamba tu. Unalala ubavu, umekunja magoti, nesi anaingiza kijiti kilicholoweshwa maji, anakizungusha taratibu huku akikitoa. Kwangu hakikufika dakika moja. Daktari akapima na kwa kidole, kutafuta uvimbe. Ile pamba inakwenda maabara. Wakiona chembe zimebadilika wanakuita tena, na safari hii wanaingiza kimrija kifupi cha plastiki, wanapaka siki, wanatazama kwa darubini. Palipobadilika panageuka peupe. Wakipatilia shaka wananyofoa kinyama kidogo wakapime. Mimi niliitwa. Sindano ya ganzi niliisikia, kunyofolewa sikukusikia. Niliona damu kidogo chooni siku mbili, ikakoma.

Sasa hiyo siki. Niliposikia watapaka siki nilimkumbuka dada. Miaka kadhaa nyuma nilimpigia simu akiwa anamenya ndizi, nasikia kisu kinavyokwenda, akaniambia: "Leo tumepimwa mlango wa kizazi. Wamenipaka siki, wameangalia, wamesema nirudi baada ya miaka mitatu." Kisha akaendelea na habari za viazi. Walikaa kwenye benchi moja, majirani na mke wa mchungaji, wote wanajua wamefuata nini. Kirusi kinacholeta mabadiliko yanayotafutwa kwa dada ndicho kinacholeta yanayotafutwa kwako na kwangu, kinaitwa HPV, na ndicho kinacholeta karibu tisa ya kila saratani kumi za njia ya haja kubwa. Dada alikwenda kwa sababu aliitwa, na kwa sababu hakuna aliyemuuliza amelala na nani.

Hapo ndipo penye kikwazo. Kijiti hakikunitisha. Wanaume wa kwetu wanakimbia kipimo cha tezi dume kwa ajili ya kidole, hilo tunalijua, lakini kidole ningekistahimili. Kilichonishinda ni swali la kwenye fomu: unalala na wanaume, wanawake, au wote? Nilikuwa nimeoa. Miaka sita niliweka alama kwenye "wanawake", kwa daktari yule yule, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunipangia kipimo, naye hakunipangia. Na mara moja nilipokuwa tayari kusema, walinipigia mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Akasalimia. Kwa lafudhi tu nikajua ni mtu wa Iringa. Nikameza maneno, nikasema nimekuja kwa ajili ya mgongo.

Mwishowe niliandika kwenye karatasi, kwa Kiingereza changu, sentensi mbili, nikampa daktari mkononi. Akasoma, akasema asante kwa kuniambia, akafungua kompyuta kunipangia siku. Wewe tayari umeshasema, kaka. Sehemu ngumu umeimaliza. Usiupoteze ujasiri huo kwa kuahirisha.

Kwa nini wanakusumbua wewe hasa: kwa watu wote kwa jumla saratani hii huwapata mtu mmoja au wawili katika kila laki moja kwa mwaka, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa wanaume wanaolala na wanaume wasio na VVU ni kama 19. Kwa wenye VVU ni kama 85, na damu kutoonyesha virusi hakuifuti hatari hiyo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao ANCHOR, watu zaidi ya 4,400 wenye VVU, wa miaka 35 na kuendelea, wote wakiwa na chembe zilizobadilika vibaya lakini hazijawa saratani. Waliotibiwa mapema, saratani ilipungua kwao kwa asilimia 57 wakilinganishwa na waliosubiri huku wakichunguzwa. Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya 2024 inataka mwanaume kama wewe aanze kupimwa akiwa na miaka 35. Asiye na VVU lakini analala na wanaume, wataalamu wanasema aanze akiwa na 45. Kwa hiyo kuitwa maana yake ni kwamba bado kuna muda.

Itajulikana? Kliniki haina ruhusa ya kumwambia mtu. Panapovuja ni kwingine. Kama uko kwenye bima ya mwenzi wako, barua ya maelezo ya malipo hutumwa kwa mwenye bima, kwa hiyo piga simu bima uombe zako zije kwako mwenyewe. Majibu yanaingia kwenye simu, kabla hata daktari hajakupigia; funga simu yako. Mkalimani una haki ya kumkataa: omba wa Kongo au Kenya, na omba jina lako lisitajwe. Na ukija likizo, karatasi ziache huko. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachokataza wanaume kulala na wanaume, tunakijua, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, na hofu ya kifungu hicho tunasafiri nayo mpaka kwenye chumba cha daktari Minneapolis. Lakini faili la kliniki halipandi ndege nawe.

Mwenzetu wa Leeds, nakuheshimu, na wazee nawaheshimu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7 na Iringa 11.1. Ndio sisi hao. Wengi humu wanakunywa dawa, na baadhi yao ni wanaume kama mimi na kaka huyu. Na umesema misiba ni ya humu. Katika misiba tuliyochangia humu, mmoja ulikuwa wa ugonjwa huu. Sisemi upi, familia ilisema tumbo, na iachwe hivyo. Nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa ametokwa damu zaidi ya mwaka akiamini ni bawasiri, na kila aliyetoka nyumbani alimbebea dawa ya kienyeji ya unga kwenye pakiti ya majani ya chai. Pakiti tatu zilikuwa bado juu ya kabati. Damu, kuwashwa, maumivu, kinundu: hata ukidhani ni bawasiri, apime daktari.

Kutoka: Leeds

Nimesoma. Nina mdogo wangu Birmingham ambaye hajaniambia kitu, ila mimi ni dada yake. Uingereza mambo yakoje?

Kutoka: Minneapolis

Dada, Uingereza hakuna mpango wa taifa wa kumwita kila mwanaume wa namna hii kwa kipimo. Kilichopo ni chanjo ya HPV, bure kwa wanaume wanaolala na wanaume mpaka umri wa miaka 45, katika kliniki za afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa, tangu 2018. Kliniki hizo huweka faili lake peke yake, mbali na la daktari wa mtaani. Akiwa na dalili yoyote, asisubiri, aende. Usimuulize. Mtumie tu huu ujumbe, kama unavyomtumia mambo mengine ya humu.

Kutoka: Msimamizi

Nimepokea kutoka kwa mwenzetu: "Nimepiga simu. Wamenipa Alhamisi saa tatu asubuhi. Nifunge kula?"

Kutoka: Minneapolis

Usifunge, kula kama kawaida. Usiingize kitu chochote huko saa 24 kabla, wala mafuta wala maji ya kusafishia. Kazini omba ruhusa ya asubuhi tu. Mimi nitakuwa bado huku, kwa hiyo saa tatu yako hapa itakuwa jioni. Nitakuwa macho, niandikie ukitoka.