Tupeane uzoefu: Mtoto hana pa kulala, shule ilimsaidiaje?

Ndugu zangu mlioko Uganda, mimi nafundisha shule ya msingi ya serikali Kampala. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilifuta ada mwaka 1997, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi. Je, mzazi mwenyewe akiwa amefukuzwa nyumba? Naomba mseme yaliyowasaidia kweli.

Naanza mimi. Tulikuwa na mvulana wa P5 (darasa la tano) aliyelala na mama yake kwenye baraza la duka. Madaftari yalikuwa yakilowa kila mvua. Mwalimu mlezi akampa nafasi stoo: sare na vitabu vinabaki shuleni, asubuhi anafika mapema, ananawa, anabadili nguo kabla ya wenzake. Hakuna aliyetangaziwa. Utoro ukakoma.

Mama wa Katwe: Mwalimu, Mungu akubariki. Sisi ni Wakongomani. Tulipotolewa nyumbani kwa kodi, tulilala kanisani. Shule ya kwanza ilitaka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mimi sina kijiji cha kunitambua, nitaitoa wapi? Shule ya pili mkuu alikubali barua ya mchungaji, akaniambia, "Mama, mtoto aanze leo, karatasi zitafuata." Binti yangu alianza siku hiyohiyo. Hilo peke yake lilikuwa msaada kuliko blanketi.

Baba wa Jinja: Wenye watoto wa P7 sikilizeni hapa. Ukishamsajili mtoto UNEB (baraza la mitihani), kituo chake cha PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni shule hiyo. Dada yangu alifukuzwa nyumba Kampala katikati ya mwaka, akaja kwangu Jinja na kijana wake. Tulidhani mwaka umepotea. Mkuu wa shule ya zamani akapiga simu mwenyewe, akamtafutia kijana familia ya mwanafunzi mwenzake ya kukaa nayo wiki ya mtihani, Novemba. Kazi za marudio alizipata kwa simu yangu. Alifanya karatasi zote nne. Kwa hiyo msihame kimyakimya, mwambieni mwalimu mapema.

Mwalimu wa Wakiso: Baada ya jalala la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024, nilijifunza kwamba mtoto aliyepoteza nyumba hataki kuulizwa mbele ya darasa. Muulize pembeni, tena aulize mtu mmoja tu. Na kama kuna posho (ugali wa shuleni), asisimamishwe foleni ya "wasiolipa".

Walimu wa Bududa na Bulambuli, ninyi maporomoko ya udongo mnayajua. Watoto wakihamishiwa mbali, majina yao mnayaacha kwenye rejista?