Chipu yangu inatoa mapovu nyuzi 95, ya mwenzangu Dar haina tatizo. Kosa liko wapi?

kiazi_mviringo (Uyole, Mbeya):
Wakuu, wakubwa shikamooni. Naandika vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Natengeneza chipu ya silikoni (siyo ya kompyuta, ni kipande laini kama mpira chenye mifereji): mfereji wa mikroni 200 unaingia kwenye kichumba cha mikrolita 10, humo ndimo PCR inafanyika, yaani kuzidisha DNA kwa kuipasha moto na kuipoza mzunguko baada ya mzunguko. Nataka kupima mbegu za viazi kama zina bakteria wa mnyauko. Kiazi kilichokwisha kuugua ukikikata unaona ute mweupe kwenye ile pete ya ndani, hicho hakinisumbui. Shida ni kile kinachoonekana kizima kabisa.

Muundo huuhuu mwenzangu Dar anapiga mizunguko 35 bila neno. Kwangu mzunguko wa tatu tu mapovu yanaota, sampuli inasukumwa mpaka tundu la kutokea. Nimebandika upya mara nne. Hita inasoma 95 sawasawa.

mpishi_wa_makambako:
Mdogo wangu, tumbukiza hicho kipimajoto kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kisha rudi hapa. Unadhani kwa nini maharage huku kwetu yanamaliza mkaa?

fundi_silikoni:
😂 Kamaliza. Uko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye 94 hivi. Unayaambia yafike 95, lazima yageuke mvuke. Shusha iwe 92, ongeza sekunde kadhaa. Halafu jaza kichumba hadi hewa yote itoke, ndipo uzibe matundu yote mawili kwa klipu. Maji yaliyobanwa hayachemki upesi, kama kwenye sufuria ya presha. Na zile kona za mraba zifanye mviringo, ndiko hewa inakojificha.

Lingine: kwenye picha yako sampuli na dawa za PCR vinakutana sentimita moja tu kabla ya kichumba. Havichanganyiki! Kwenye mfereji mwembamba hivyo vinakwenda bega kwa bega, kila kimoja na njia yake, vinapenyezana polepole mno. Huo mfereji upe kona nyingi kama barabara ya Kitonga.

dada_maabara:
Mimi ningeachana na PCR. Kuna LAMP, njia nyingine ya kuzidisha DNA, ya Wajapani tangu 2000, inafanya kazi kwenye nyuzi 60 hadi 65 muda wote, hakuna kupanda na kushuka. Hiyo hata Njombe haikusumbui. Ila usiifungue chipu ikishamaliza, utachafua meza kwa DNA iliyozidishwa na kila kipimo kitasema ndiyo. Yalinikuta, nikatupa dawa za wiki nzima.

kiazi_mviringo:
Dada, LAMP naitamani, ila vianzio vya PCR (vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) nimeshavilipia.

Mpishi, nimechemsha. 94 na kitu kidogo, sufuria inaruka kifuniko. Mwezi mzima nalaumu gundi!

Nimeweka 92, nimeziba kote kwa klipu za karatasi. Tuko mzunguko wa 12. Kuna kapovu kamoja kwenye kona, nimekakodolea macho, hakajasogea.