Kitabu gani kizito ulikisoma ukiwa sekondari, na kilikufanya nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Juzi kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu (Form Two), mama mmoja alisimama akataka maktaba iondoe hadithi zote zenye mimba, ubakaji na vifo, eti zitawaharibu watoto. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilikumbuka yangu.

Nilikuwa na miaka 15, likizo, nikaazimwa Rosa Mistika. Ile ya Kezilahabi iliyotoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kabla ya kuja kuruhusiwa. Nakala haina jalada, nikaivalisha gazeti. Baba akaikuta chini ya mto. Nikajua leo ni fimbo. Wala! Akaenda nayo chumbani, siku mbili kimya. Ya tatu tunakula, akaiweka kando ya bakuli la mboga, tiketi ya basi imechomekwa karibu na mwisho.

"Huyu Zakaria unamwonaje?"

Kwa msiomjua, Zakaria ndiye baba yake Rosa, mlevi, anayemchunga bintiye kwa kipigo. Nikajibu, "Mkali, baba." Akamega tonge, akatafuna weee, akasema, "Niachie leo nimalize." Basi. Hatukuizungumza tena hadi leo, ila barua zangu kuanzia hapo zilinifikia hazijafunguliwa.

Haya, tiririkeni.

Mwl_Chaki
Nafundisha Kiswahili Kanda ya Ziwa. Takadini ninyi mnaijua: mtoto anazaliwa na ualbino huko Zimbabwe ya zamani, mila inataka auawe, mama yake Sekai anatoroka naye. Sasa mimi darasani nina mwanafunzi mwenye ualbino, anakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Na huku kwetu tunajua yaliyotokea. Nikaogopa. Zile kurasa za mwanzo nikaziruka, nikaandika muhtasari ubaoni. Kipindi kimeisha, ananifuata mlangoni, kofia mkononi: "Mwalimu, mbona pangu umeparuka?"

Niliona aibu sijapata kuona. Kipindi kilichofuata tukarudi nyuma, akaomba asome yeye kwa sauti. Hakuna aliyekohoa.

Mama Wawili
Mtanisamehe, mimi nipo upande wa yule mama wa kikao, angalau nusu. Nilisoma hiyohiyo Rosa Mistika nikiwa Form Four, wiki tatu baada ya kumzika kaka yangu. Alijiua. Rafiki kanipa kitabu ili nijisahaulishe, hakukumbuka Rosa anaishiaje. Nilipofika pale nilikaa siku kadhaa sili, najiuliza kama na mimi ni wa damu hiyo. Sisemi kichomwe moto. Angetokea mtu mmoja tu akaniambia "hiki kiache kwanza, utakisoma mwakani", ingetosha. Nyumbani kila mtu alikuwa na msiba wake.

kijana_wa_kota
Pole sana mama. Mimi changu ni kifupi: Watoto wa Mama N'tilie. Wale watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada, mimi nami nimekaa nyumbani wiki mbili kwa kosa hilohilo. Nilikisoma nikicheka peke yangu kama chizi, sijui kwa nini. Nadhani nilifurahi kuona tuko wengi.

Wa Bonde la Ufa
Mimi niko Kenya. Yetu ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ridhaa anapoteza aila yake kwa moto baada ya uchaguzi. Mwaka 2008 nilikuwa na miaka mitano na tulilala kwenye hema miezi kadhaa. Nakumbuka maji ya mvua yakipita chini ya godoro na mama akituinua mmoja mmoja kutuweka juu ya ndoo. Hiyo ndoo ya bluu bado iko kwetu, inahifadhi unga.

Kidato cha tatu swali likaja: jadili madhara ya vita katika riwaya (alama 20). Darasa lote linaandika hoja, hoja, hoja. Niliandika kuhusu Ridhaa, lakini moshi niliouandika ulikuwa wa kwetu, na hema ni letu. Nikapata 13. Pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umetoka nje ya kitabu."