Makampuni ya jezi: ubora wanakagua mpaka uzi, kiinua mgongo cha mshonaji "hakituhusu"

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira kwahiyo nitaandika ndefu, asiye na bando apite tu.

Kuna grupu la mpira la wasap niko humo, juzi wamemshukia mwenzetu kisa katupia picha na jezi ya Kariakoo, feki. Ooh wewe mwizi, ooh nunua orijino uwape riziki wanaozitengeneza. Hapo kwenye "wanaozitengeneza" nikaona hapana, leo lazima nifungue uzi. Hivi mnawajua wanaozitengeneza? Mnajua wanavyofanywa?

Twendeni Tangerang, Indonesia, pembeni ya Jakarta. Palikuwa na kiwanda kinaitwa PT Kizone, kinashonea Adidas, Nike na wengineo, pamoja na nguo za vyuo vikuu vya Marekani (kule jezi ya chuo inauzwa kama huku ya Simba na Yanga, msishangae). Mwenye kiwanda, bwana mmoja wa Korea Kusini, Januari 2011 akatoroka. Katoroka kweli yani, kaacha mashine na watu wake kasepa zake, kufika Aprili kiwanda kikafa mazima. Watu kama 2,800 wakawa wanadai kiinua mgongo, na sio cha kuomba omba, ni sheria ya Indonesia kabisa inasema walipwe. Jumla dola milioni 3.4. Gawa kichwa kwa kichwa unapata kama dola 1,200 hivi. Kwa mama aliyekalia cherehani miaka na miaka, ana watoto na kodi ya nyumba, hiyo ndo kila kitu.

Wakala aliyekuwa analeta oda pale akatoa hela, Nike nao wakatoa kiasi, deni likapungua mpaka dola milioni 1.8. Adidas wakagoma. Eti sisi oda zetu tulishaziondoa pale miezi kadhaa kabla hakijafungwa, mzigo wetu tulilipia wote kwa wakati, aliyewadhulumu ni mwenye kiwanda. Sawa, mwenye kiwanda yuko wapi? Kakimbia! Yani unamwambia mtu akamdai aliyekimbia. Halafu baadaye wakaja na wazo la kuwapa vocha za chakula. VOCHA wakuu. Mtu anadai mafao yake ya kisheria unampa karatasi akachukue mchele na mafuta dukani, kama mhanga wa mafuriko. Ile vocha ndo inaniuma kuliko hata kugoma kwenyewe, maana aliyegoma angalau kasema silipi, huyu wa vocha anataka na picha ya kutoa msaada.

Na msiniambie hawakuwa na uwezo wa kujua kinachoendelea mle ndani. Hii biashara iko hivi: haya makampuni viwanda vya kwao ni kama hawana, wao wanamiliki jina, mchoro na matangazo, kushona wanatoa tenda kwa watu wa Indonesia, Vietnam, Kambodia, Bangladesh. Ila ukiangalia nani anaamua nini, kila kitu wanaamua wao. Kitambaa wao, rangi ya uzi wao, sentimita ngapi kutoka kwenye kola mpaka kwenye nembo wao, tarehe ya kontena kuondoka wao, na bei ya kipande wao. Mkaguzi wao akija akakuta mshono umepinda kidogo kwapani, mzigo mzima unarudi nyuma na hasara ni ya kiwanda. Bei ikishushwa, mwenye kiwanda anaitoa wapi tofauti? Umeme hawezi kushusha, kitambaa kachaguliwa hawezi kushusha, anashuka na yule wa cherehani, ovataimu hailipwi, akiba ya kiinua mgongo haiwekwi kabisa. Sasa wewe uliyeweza kuona mshono uliopinda kwapani utaniambiaje hukuona kwamba watu 2,800 hawana akiba hata senti? Na wakaguzi wa haki za wafanyakazi walikuwepo jamani, na kitabu cha maadili kimebandikwa ukutani.

Kilichoniacha hoi zaidi ni mwaka wenyewe. 2012 Olimpiki London, Adidas ndo mdhamini rasmi, timu ya Uingereza imevalishwa na wao, mavazi kayabuni Stella McCartney, mbwembwe dunia nzima. Kiangazi hichohicho chuo kikuu cha Wisconsin kipo mahakamani nao, kwasababu mkataba wa chuo unasema nguo zenye jina la chuo zishonwe na watu wanaolipwa haki zao. Cornell wakavunja mkataba, vyuo vingine vikafuata kimoja baada ya kingine, wanafunzi wanaandamana kila kona. Aprili 2013 ndo Adidas wakakubali yaishe na wafanyakazi wakalipwa. MIAKA MIWILI. Na walipoona wanapoteza soko la vyuo, ile "hakituhusu" ikawahusu ghafla.

Nike msicheke, nao walishapitia hukohuko. 2010 walitoa dola milioni 1.54 kwa wafanyakazi wa viwanda viwili Honduras vilivyofungwa bila kulipa watu, na walitoa baada ya vyuo kuwabana, kabla ya hapo wimbo ulikuwa uleule kwamba wale sio wafanyakazi wetu. Mtasema siku hizi wamebadilika, orodha ya viwanda vyao wanaiweka wazi tangu 2005. Ni kweli, nawapa hiyo. Ila 2020 kipindi cha korona kiwanda cha Violet Apparel pale Phnom Penh kikafungwa, watu zaidi ya 1,200 nje, wakasema tulikuwa tunashona Nike hapa, Nike wakasema hatuna biashara na kiwanda hicho tangu 2006. Kwahiyo orodha ipo, na kukana kupo vilevile.

Najua kuna mtu anakuja na ile ya "bora hata wana kazi mkuu, huku kwetu vijana wapo vijiweni". Hiyo hoja naichukia kuliko zote maana ndo serikali zetu zinaitumia kuita wawekezaji. Ethiopia walijenga mji wa viwanda Hawassa, brandi za Marekani na Ulaya zikaenda, ripoti ya chuo kikuu cha New York ya 2019 ikasema mshahara wa kuanzia pale ni dola 26 kwa mwezi, na wakati huohuo Kenya ni 207. Ishirini na sita! Mtu analipa chumba wanalala wanne na bado haitoshi, wengi wakawa wanaacha kazi, halafu mabosi wanashangaa kwanini vijana hawatulii kazini.

Ninachotaka mimi hata sio kikubwa. Kila oda inapolipwa, hela ya kiinua mgongo ikatwe humohumo kwenye bei iwekwe akaunti ya pembeni ambayo mwenye kiwanda haigusi, akikimbia na akimbie, watu wanachukua chao wiki hiyohiyo bila kusubiri wanafunzi wa Marekani wawaonee huruma. Wakisema bei itapanda, ipande, jezi yenyewe tayari ni zaidi ya laki. Na wasiniambie hakuna hela, maana mwaka huohuo wa 2012 wanabishania dola milioni 1.8 na washonaji wa Kizone, Adidas waliuza bidhaa za karibu euro bilioni 15.