Plagi za Hilux kabla ya Jumamosi

Da Zuhura, 18:02
Jamani, Jumamosi alfajiri Hilux inabeba mzigo na bado inakohoa ikipanda kilima. Kassim, plagi umepata? Weka picha hapahapa, usinifuate inboksi.

Da Zuhura, 18:19
Naona mmesoma wote. Kimya.

Kassim, 18:41
Nimepata Da Zuhura, nne mpya. [Picha] Zimeandikwa BPR7ES. Muuzaji anasema namba kubwa ndiyo cheche kali. Niko njiani na gari, nikifika tu nazifunga.

Mjomba Idi, 18:44
Hapana mpwa wangu. Namba ile si ukali wa cheche, ni jinsi plagi inavyolitoa joto kwenda kwenye hedi, kile kichwa cha injini. Kwa kampuni ya NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Injini yetu, 22R ya kabureta, inataka BPR5EY, au Denso W16EXR-U. Umeruka ngazi mbili.

Kassim, 18:46
Lakini mjomba uzi ni uleule, nimelinganisha na ya zamani.

Mjomba Idi, 18:51
Hapo ndipo watu wanapokosea. B ni uzi wa mm 14, E ni urefu wa uzi mm 19. Zote mbili zinaingia bila shida. Kazi ni baadaye. Ncha ya plagi lazima ifike kama nyuzi joto 450 za Selsiasi ndipo ichome masizi yake yenyewe, na isipite 850, maana hapo inawasha petroli kabla ya cheche na pistoni inaweza kutoboka. Hiyo saba kwa mwendo wetu wa polepole haipati joto. Masizi yanatanda kwenye kauri, umeme unapita humo badala ya kuruka mwanya, gari linamisi, linakohoa.

Hamisi, 18:52
Kwa hiyo plagi ya baridi tuivalishe sweta 😂

Bi Mdogo, 18:52
😂😂 ya moto tuiwekee feni

Da Zuhura, 18:53
Hamisi! Jumamosi likizima wewe ndiye wa kusukuma. Mjomba endelea.

Mjomba Idi, 18:57
Tena angalieni: Bosch na Champion zinahesabu kinyume, kwao namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Denso inakwenda upande mmoja na NGK, ila 16 yake ndiyo 5 ya NGK. Msilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho, fuateni jedwali.

Salum, 19:03
Si tununue za iridiamu tumalize?

Mjomba Idi, 19:05
Zinadumu, lakini nguvu haziongezi, na kwenye injini inayokula oili zinachafuka kama nyingine. Nikeli ya kawaida inatosha. Za zamani zikoje?

Kassim, 19:20
Nilizitoa asubuhi nikazirudisha. [Picha] Ni W16EXR-U. Za silinda 1, 2 na 4 zina rangi ya biskuti. 3 nyeusi, imelowa, ukiigusa inateleza.

Mjomba Idi, 19:26
Hizo tatu za biskuti zinakuambia joto lilikuwa sawa. Nyeusi kavu ingekuwa petroli nyingi, au choki imekwama. Iliyolowa na kuteleza ni oili, na plagi mpya hapo haitibu, italowa tena. Pimeni kompresheni, ule mgandamizo wa silinda, zote nne. Namba 3 ikiwa chini, mtie kijiko cha oili ndani yake mpime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda angalieni valvu. Ikilingana na wenzake, nashuku sili za valvu.

Da Zuhura, 19:28
Namba 3 tena. Ileile yenye shida ya uzi.

Salum, 19:29
Tusianze.

Mama Tatu, 19:31
Tuanze tu. Aliyeikaza kwa bomba anajijua. Na spana yangu ya plagi, ile yenye mpira ndani, mpaka leo sijaiona.

Salum, 19:33
Mimi nilikaza nilivyoelekezwa.

Mama Tatu, 19:33
Na nani?

Da Zuhura, 19:40
Hayo mtayamaliza siku nyingine. Mjomba, kufunga.

Mjomba Idi, 19:52
Kwanza pulizia mchanga kwenye visima vya plagi, usije ukadondokea ndani. Toa waya mmoja, badili plagi yake, rudisha, ndipo uende kwa mwingine. Ukichanganya mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2, utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Shika kofia, usivute waya. Gepu, ule mwanya wa cheche, mm 0.8, pima kwa fila geji hata kama plagi ni mpya, na unapinda mguu wa pembeni tu. Hedi ni alumini, kwa hiyo anza kwa vidole mpaka washa, ile pete ya plagi, iguse, kisha spana nusu mzunguko. Mwenye spana ya torki aweke Nm 18. Uzi usipakwe grisi, inateleza ukakaza kupita kiasi bila kujua.

Babu, 20:15
Nimesoma. Injini ya moto haitolewi plagi. Kassim ukifika zima gari ukalale. Hizo saba zirudi zilikotoka. Na ile ya tatu asiikaze mtu mpaka Idi aukague uzi kwa mkono wake.

Kassim, 20:16
Shikamoo Babu. Sawa.

Salum, 20:16
Sawa Babu.

Mjomba Idi, 20:18
Ni kweli. Uzi wa alumini ukiwa moto plagi inaweza kutoka nao.

Da Zuhura, 20:24
Basi: Kassim kesho anarudisha hizo, analeta BPR5EY nne. Ijumaa mjomba anakagua namba 3. Kipimo cha kompresheni kiko kwa nani? Na spana ya Mama Tatu? Salum?

Da Zuhura, 21:30
Salum?

Shangazi, 22:48
Ndiyo nafungua simu sasa. Kwani ni Jumamosi hii?

Mjomba Idi, 22:55
Ijumaa niko kazini mpaka jioni, tutahitaji taa. Kipimo kiko kwa Salum.